Asili ya Picha na Heshima ya Mpiga Picha

Kuna maneno yaliyoenea siku hizi miongoni mwa vijana wetu wapigao picha, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu wanaowaongoza, ya kwamba picha ikishatumwa kwa simu na kupendwa na watu basi kazi imekwisha, na lile faili la kwanza lililotoka ndani ya kamera ni takataka ya kufutwa ili nafasi ipatikane. Maneno hayo ni ya hatari. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mpiga picha afutaye faili lake la asili hufuta ushahidi wake mwenyewe, na kwamba mashindano yasiyodai faili hilo hayashindanishi picha, bali hushindanisha madai.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno asili. Zamani asili ya picha ilikuwa ule utepe wa filamu ambao mpiga picha aliutia katika bahasha na kuufungia kabatini. Katika kamera za dijiti, lenzi hupokea mwanga na chombo cha ndani huugeuza mwanga huo kuwa tarakimu. Tarakimu hizo zikiandikwa zilivyo, bila kupunguzwa wala kupambwa, hupatikana faili ghafi. Faili hilo kwa kawaida hubeba ngazi 4,096 au hata 16,384 za mwanga, ambapo picha iliyoshindiliwa, ile tunayotumiana kila siku, hubeba ngazi 256 tu kwa kila rangi. Pamoja na mwanga, kamera huandika humo tarehe, saa, aina ya kamera na kiasi lenzi ilivyofunguliwa. Programu za kusafishia picha kwa desturi haziligusi faili ghafi. Huandika maagizo yake pembeni, na mbegu hubaki ilivyokuwa. Lakini picha ikipitishwa katika WhatsApp kama picha ya kawaida, hushindiliwa tena, na maelezo yale huondolewa. Kinachomfikia mpokeaji ni kivuli cha kivuli.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, hayamhusu msanii. Natuyatazame basi yaliyotokea mahali ambapo picha hushindanishwa kwa uzito. Shirika la World Press Photo lilianzishwa Uholanzi mwaka 1955. Mwaka 2010 mshindi mmoja katika kundi la michezo aliombwa mafaili yake ghafi. Yalipolinganishwa na picha aliyoshindia, ilionekana kwamba kitu kimoja kilichokuwamo katika picha ya asili kilikuwa kimeondolewa, naye akanyang'anywa ushindi. Mwaka 2015 shirika hilo hilo lilitangaza kwamba asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa, baada ya kulinganishwa na asili zake. Hao hawakuwa watoto wa shule wanaojifunza. Walikuwa watu wa kazi hiyo.

Lakini asili haikuwekwa ili kuwanasa wezi tu. Mwaka 2013 Paul Hansen wa Sweden alishinda tuzo kuu ya shirika hilo kwa picha ya mazishi ya watoto huko Gaza. Baadaye alizushiwa hadharani kwamba picha ile aliiunga kwa vipande vya picha mbalimbali. Maneno yakaenea ulimwenguni kwa siku moja. Je, Hansen angejibu nini? Angeapa? Kiapo hakimalizi shauri la namna hiyo. Faili ghafi likawekwa mbele ya wataalamu wasio na upande, wakalilinganisha na picha iliyoshinda, wakathibitisha kwamba rangi na mwanga vilirekebishwa lakini hapakuwa na kuunganisha. Mtu akaokoka na fedheha, na watoto waliozikwa wakaokoka na fedheha kubwa zaidi, yaani ya kuambiwa kwamba mazishi yao yalikuwa mchezo wa kuigiza.

Tena ijulikane kwamba faili moja pekee halitoshi, kwa maana saa ya kamera yaweza kuwekwa visivyo na kitu cha uongo chaweza kupigwa picha ya kweli. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la Natural History Museum la London liliondoa katika orodha ya washindi wake picha ya mnyama mla mchwa akikikaribia kichuguu usiku nchini Brazil. Wataalamu waliamua kwamba mnyama yule alifanana mno na mnyama aliyekaushwa, aliyekuwa akionyeshwa kwenye lango la hifadhi. Mpiga picha alikana. Alitoa mafaili ghafi ya kabla na ya baada ya tukio, lakini katika yote hayo mnyama hakuonekana hata mara moja. Hapa tunajifunza kwamba yatupasa kutunza mfululizo mzima, pamoja na picha zile mbaya tunazozionea aibu, kwa kuwa zilizotangulia na zilizofuata ndizo mashahidi wa ile iliyo nzuri.

Nimekaa miaka mingi katika masjala za serikali, na nimewaona waombaji haki wakigeuzwa mlangoni kwa sababu walikuja na nakala ya nakala. Haki yao yaweza kuwa kweli tupu, ila karani hana pa kuishikia. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ni mali. Faili la asili ndilo daftari lake.

Msomaji aweza kuuliza jambo hili linahusu nini utamaduni wa taifa. Mimi ni mtu wa mashairi, nami nitamjibu kwa mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840. Tungo zake ziliokolewa miaka mingi baadaye na Mwalimu Sikujua, kutoka vinywani mwa waliozikumbuka. Maandishi hayo yaliondoka pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na leo mwanafunzi wetu atakaye kuyatazama hana budi kuyatafuta London. Shairi likizua ubishi, hili ni la Muyaka au si lake, hatuna karatasi ya mkono wa Muyaka ya kulimaliza shauri. Wazee wetu wana udhuru: wengi wao walitunga kwa kinywa na kwa kinywa wakarithisha. Je, sisi tulio na chombo kinachojiandikia asili bila kuombwa, tena kwa tarehe na saa, tutatoa udhuru gani tukiifuta kwa mikono yetu?

Husemwa tena kwamba kudai asili ni kumdhania mtu uongo. Sivyo. Mtahini adaipo karatasi ya majibu hamtukani mwanafunzi. Mwaminifu ndiye afaidikaye kuliko wote, maana pasipo kipimo yeye na mwongo husimama safu moja. Nayo safu hiyo sasa imezidi kusongamana. Mwaka 2023, katika mashindano ya Sony World Photography Awards, Mjerumani Boris Eldagsen alishinda katika kundi mojawapo kwa picha iliyotengenezwa na akili bandia, kisha akaikataa tuzo mwenyewe, akisema alitaka kujaribu kama mashindano yako tayari kwa mambo hayo. Siku hizi mashine yaweza kutoa uso wa bibi kizee wa Kigoma ambaye hakuzaliwa, akisuka mkeka ambao haukusukwa. Kijana aliyekwenda Kigoma kwa nauli yake, akakaa na bibi wa kweli mpaka akakubaliwa kumpiga picha, atajitenga vipi na mashine hiyo kama amefuta asili?

Ama hoja ya gharama, naikubali nusu. Faili ghafi ni zito, na simu ya mwanafunzi ni ndogo. Lakini tufanye hesabu. Faili la megabaiti 25 ni la kawaida. Diski ya terabaiti 1 hubeba mafaili 40,000 ya kiasi hicho. Shule moja haitaijaza upesi. Na asiye na kamera ya faili ghafi asitunze visingizio. Atunze faili lile lile lililoandikwa na simu yake mara ya kwanza, kabla halijakatwa, kupakwa rangi wala kutumwa.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kila chama cha picha shuleni kiwe na daftari lake: jina la mpigaji, mahali, siku, namba ya faili, na idhini ya aliyepigwa. Pili, nakala za asili ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo, kwa sababu moto na mwizi hawabishi hodi. Tatu, waandaaji wa mashindano yetu, kuanzia ya shule hadi ya taifa, wadai asili kwa kila picha ifikayo hatua ya mwisho. Nao waandaaji wabanwe pia: waitazame asili kwa kuthibitisha tu, wasiifanye yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mpiga picha haki juu ya kazi yake, na mashindano yasiwe mlango wa nyuma wa kumpokonya.

Tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, iliyotufundisha kuthamini karatasi za ofisi. Picha za vijana wetu zastahili uangalifu uo huo. Mwalimu, kabla hujampongeza mwanafunzi kwa picha nzuri, mwulize asili yake iko wapi. Akikuonyesha, mpongeze mara mbili. Akikosa, usimwite mwongo. Mfundishe leo, asije akaitwa hivyo kesho na watu wasiomjua.