Akianguka simu ziko juu, akirudi kupanda zimeshazimwa!

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Sekunde kumi na moja tu. Kijana wa sarakasi kasimama juu ya ubao uliowekwa kwenye bomba linalobingirika, ubao unateleza, puu! Chini. Ukumbi mzima kicheko. Kaka anayerekodi anasikika akipayuka, "Turudishieni kiingilio chetu!" Basi, imeisha.

Waliokuwepo ukumbini Jumamosi ile wanajua kilichofuata. Kijana aliinuka, akajipangusa, akamwangalia mwenzake, akapanda tena. Ubao ukayumba kushoto, ukayumba kulia, ukatulia. Akanyanyua mikono. Mama mmoja wa viti vya nyuma akasimama na vigelegele juu. Kaka wetu wa mbele wala hakuona, alikuwa kainamia simu anatafuta maneno ya kuandika chini ya klipu yake.

Hapo ndipo penye tatizo.

Sarakasi sio filamu. Kwenye filamu mtu anaanguka mara ishirini, mtazamaji anaonyeshwa ile moja iliyokubali. Ukumbini hakuna kufuta. Ndio maana wanasarakasi wana desturi yao: ukikosea mbele ya watu, unarudia mbele ya watu hao hao. Anarudia huku bega linauma na kicheko bado kiko masikioni. Kwa anayejua kuangalia, ile mara ya pili ndiyo shoo yenyewe.

Wabongo kwa kujivunia hawajambo. Mwaka 2024 vijana wawili wa Dar, wale wa kubebana kichwa kwa kichwa, waliposhinda shindano la vipaji kule Marekani, watu walijaza bendera kwenye status utafikiri ni sikukuu. Sawa kabisa. Lakini hivi watu wanadhani mchezo ule unajifunzwaje? Wa chini ndiye anayesawazisha. Wa juu kazi yake ni kukaza mwili na kumwamini mwenzake, akianza kujirekebisha mwenyewe wote wawili wanakwenda chini. Hakuna anayelijua hilo kwa kuambiwa. Linajulikana kwa kuanguka, tena sana.

Wapo watakaosema kaka kalipa hela yake, aachwe acheke. Acheke tu. Mtu akiteleza kicheko kinaponyoka chenyewe, na sarakasi ina wachekeshaji wake wanaoanguka makusudi. Lakini kucheka ni kitu kimoja, na kukata klipu pale pale mtu alipoanguka kisha kuisambaza ni kitu kingine kabisa.

Maana kijana yule hana mshahara wa mwezi. Wengi wa fani hii wanaishi kwa shoo za hoteli, maharusi na mikataba ya nje, na mikataba hiyo inatafutwa kwa video. Meneja wa hoteli anayetaka kundi la Ijumaa jioni akitumiwa zile sekunde kumi na moja, atampigia nani simu? Kaka kapata likes zake za siku mbili, kijana anaweza kukosa kodi ya chumba.

Halafu yeye mwenyewe kaka kapunjika. Kalipa kiingilio, kakaa mbele kabisa, na kitu kikubwa kuliko vyote usiku ule kimempita akiwa anatazama kioo cha simu.

Mwenye kwenda sarakasi aende, tena apeleke na watoto. Simu ikae mfukoni, mikono ibaki huru kwa makofi. Na kama kurekodi ni lazima, basi irekodiwe mpaka mwisho.

Wadau, kuna yeyote mwenye ile nusu ya pili? Aitoe jamani, izunguke na yenyewe.