Mtakwimu Afukuzwa, Hesabu Zabaki

Siku ya Ijumaa, tarehe 1 Agosti, 2025, Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitoa taarifa yake ya kila mwezi kuhusu ajira. Taarifa hiyo ilieleza kwamba katika mwezi wa Julai nafasi za kazi ziliongezeka kwa 73,000 tu, na kwamba hesabu za Mei na Juni zilizokwisha kutangazwa zilikuwa zimezidi ukweli kwa nafasi 258,000. Kabla jua halijatua, Rais Donald Trump alikuwa amekwisha kumfukuza kazi Kamishna wa Idara hiyo, Bibi Erika McEntarfer. Rais hakuonyesha kosa lolote la hesabu. Alitangaza tu kwamba takwimu zilipikwa ili kumfedhehesha yeye na Chama chake cha Republican.

Mjumbe hauawi, ndivyo wasemavyo Waswahili. Mjumbe huyu hakuuawa, lakini alinyang'anywa kazi na jina lake likapakwa matope mbele ya dunia nzima, kwa kosa la kufikisha ujumbe.

Hapana budi ieleweke jinsi hesabu hizo zinavyopatikana. Kila mwezi Idara huwauliza waajiri wapatao 121,000, wa serikali na wa watu binafsi, ni watu wangapi wamo katika orodha zao za mishahara. Wako wanaojibu upesi na wako wanaochelewa. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni ya makisio; husahihishwa mara mbili katika miezi inayofuata kadiri majibu yanavyozidi kufika, kisha mara moja kwa mwaka hulinganishwa na kumbukumbu za kodi ya bima ya wasio na kazi. Kamishna hakusanyi majibu hayo wala hayajumlishi. Yeye huonyeshwa hesabu zikiwa zimekwisha kamilika. Bwana William Beach, ambaye Trump mwenyewe alimteua kushika wadhifa huo katika kipindi chake cha kwanza, alijitokeza hadharani kulaani kitendo hicho na kusema hakina msingi.

Ni kweli kwamba masahihisho ya nafasi 258,000 ni makubwa kuliko ilivyo kawaida, na kiongozi yeyote ana haki ya kuuliza sababu. Lakini angeuliza, jibu moja angelikuta mezani pake. Tarehe 20 Januari, 2025, siku ile ile alipoapishwa, alisimamisha uajiri katika serikali kuu. Miezi michache baadaye Idara hiyo hiyo ilitangaza kuacha kukusanya bei za bidhaa katika miji ya Lincoln, Provo na Buffalo kwa kukosa uwezo wa kuendelea na kazi hiyo. Mwenye shamba aliyekataza vibarua ndiye huyo huyo anayefoka kwamba magugu yamezidi.

Rais alidai pia kwamba kabla ya uchaguzi wa Novemba 2024 Idara ilikuza idadi ya ajira kwa nafasi 818,000 ili kukisaidia Chama cha Democratic, na kwamba ukweli ulitolewa baada ya kura kupigwa. Huo ni uongo wa mchana kweupe. Sahihisho hilo lilitangazwa tarehe 21 Agosti, 2024, zaidi ya miezi miwili kabla ya kura, Chama cha Democratic kikiwa ndicho kilichoshika serikali. Trump mwenyewe alilitumia siku ile ile jukwaani katika kampeni yake. Idara iliyokuwa kibaraka wa Democratic ingewezaje kuwapa wapinzani wake fimbo ya namna hiyo?

Hata hivyo, anayestahili lawama si Rais peke yake. Kisheria Kamishna hupewa muhula wa miaka minne na huthibitishwa na Seneti, ingawa Rais anayo mamlaka ya kumwondoa. Mnamo Januari 2024 Seneti ilimthibitisha Bibi McEntarfer kwa kura 86 dhidi ya 8, na miongoni mwa waliosema ndiyo alikuwamo Bwana J.D. Vance, wakati huo Seneta wa Ohio, ambaye mwaka 2025 alikuwa Makamu wa Rais. Maseneta wachache wa Republican, kama vile Thom Tillis na Rand Paul, walinung'unika walipopata habari za kufukuzwa kwake. Chama chao kilikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili ya Bunge, lakini manung'uniko hayakuzaa hatua yoyote ya kumrudisha kazini. Wakubwa wengine walimeza mate.

Chama hicho kimesahau historia yake chenyewe. Mwaka 1881 Rais James Garfield, wa Republican, alipigwa risasi na mtu aliyedhani kwamba alistahili cheo cha ubalozi kwa sababu ya kukipigia Chama debe. Siku zile kazi za serikali ziligawiwa kama pilau ya harusi. Garfield alikufa, na mrithi wake, Chester Arthur, akatia sahihi mwezi Januari 1883 sheria iliyoanza kutaka watumishi waajiriwe kwa mtihani, na kukataza wafukuzwe kwa sababu za siasa. Mwaka uliofuata Arthur huyo huyo alitia sahihi sheria iliyoianzisha ofisi ambayo leo ndiyo Idara ya Takwimu za Kazi. Viti vyote viwili vilichongwa na fundi mmoja wa Republican, na sasa wajukuu wake wanavitia kwenye moto.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 1971 Rais Richard Nixon, naye wa Republican, alikasirishwa na maelezo ya Idara hiyo kuhusu watu wasio na kazi, akaagiza wahesabiwe maofisa wake wenye asili ya Kiyahudi. Aibu hiyo ilifanywa gizani, na ilipofichuka wahusika waliona haya. Mwaka 2025 jambo lilifanywa hadharani, kwa majivuno.

Linaloumiza zaidi ni hali ya watumishi waliobaki. Amri nyingine ya siku ya kuapishwa ilirudisha mpango wa Trump wa mwaka 2020 wa kuwaondolea ulinzi maofisa wanaogusa sera, na ofisi ya utumishi ya serikali yake ilikadiria kwamba nafasi zipatazo 50,000 zingehusika. Mwalimu aliyewahi kuagizwa na mkubwa wake aongeze alama za mtoto fulani anaijua hali hiyo. Ofisa wa takwimu mwenye watoto wanaosoma na nyumba ya mkopo hahitaji kutumiwa barua ya vitisho. Amekwisha kuona yaliyompata Kamishna wake. Nchini Argentina, mwaka 2007, serikali ilimwondoa mkuu wa takwimu za bei. Miaka ikapita watu wakipanga mishahara na kodi za nyumba kwa namba ambazo hakuna aliyeziamini, hadi Shirika la Fedha la Kimataifa likaikaripia nchi hiyo rasmi mwaka 2013.

Mwezi huo huo wa Agosti Trump alimteua Bwana E.J. Antoni, mchumi wa taasisi ya wahafidhina iitwayo Heritage Foundation, kuchukua kiti kilichoachwa wazi. Wachumi wengi, hata wa mrengo wake, walimwona hafai, na mwishoni mwa Septemba Ikulu ya Washington ililiondoa jina lake.

Wakati huo Idara ilikuwa chini ya kaimu, Bwana William Wiatrowski, naye aliendelea kutoa taarifa kama zilivyo. Ile ya tarehe 5 Septemba ilionyesha ongezeko la nafasi 22,000 tu kwa Agosti, na hesabu mpya ya Juni ikaonyesha kwamba nafasi 13,000 zilipotea. Siku nne baadaye Idara ikatangaza makisio kwamba ajira za mwaka ulioishia Machi 2025 zilikuwa zimehesabiwa zaidi kwa nafasi 911,000. Bibi McEntarfer alikuwa nyumbani kwake kwa zaidi ya mwezi mmoja.