Kichujio Kinachoficha Watu

Wasee wa programu, tuongee ukweli. Laravel na Django zinakuruhusu kuandika kichujio mara moja, halafu kila swali linalopitia modeli kwenda kwenye databesi linachujwa lenyewe. Raha sana. Afisa wa Garsen anaona watu wa wadi yake tu, na hakuna developa atakayesahau sharti hilo saa nane usiku. Faragha pia inalindwa, kama inavyotaka Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Shida ni kwamba huku Tana River watu hawakai pale fomu ilipowaacha. Mfugaji hufuata maji na malisho. Mto ulipofurika 2023, na tena 2024, familia zilihama zikaishi kambini. Sasa chukua mama aliyesajiliwa wadi moja, kambi iko wadi nyingine. Afisa anatafuta jina, mfumo unajibu: hayupo. Yupo bana! Amechujwa tu, na afisa hana namna ya kujua. Mama anarudi bila unga.

Mimi nasema kichujio kibaki, ila kijitangaze. Skrini iandike wazi: "Unaona wadi hii pekee." Pawe na kitufe cha kutafuta kaunti nzima, na kila anayekibonyeza arekodiwe. Laravel inakubali kuondoa kichujio kwa swali moja, kwa hivyo si kazi ngumu.

Ukijaribu mfumo wako, anza na mtu aliyehama. Mafuriko yakija, huyo ndiye atakayepanga foleni.