Onyesheni wanafunzi filamu, halafu waulizeni "umejuaje?"

Midahalo ya shule zetu za upili, kuanzia Kisii mjini mpaka Keroka na Nyansiongo, nimeisikia ya kutosha, na naona tunafundisha watoto kuongea tu. Kufikiri bado. Mwanafunzi anasimama, anasalimia spika, mtunza saa na waamuzi mpaka unachoka, anamwaga methali mbili, ukumbi unapiga makofi. Hakuna anayemuuliza: hayo umeyajuaje?

Mimi ningeanza na filamu. Na si lazima iwe mpya. 12 Angry Men ni ya 1957, haina rangi, karibu yote iko ndani ya chumba kimoja. Raia 12 wamefungiwa humo waamue kama kijana wa miaka 18 alimuua babake kwa kisu. Wakisema ana hatia, naye anauawa. Kura ya kwanza: 11 wanasema ana hatia. Mmoja anasema tuongee kwanza.

Mwalimu, hapo simamisha. Darasa lipige kura, kila mtu aandike sababu moja. Endelea. Kuna shahidi, mzee wa orofa ya chini, anayedai alisikia mwili ukianguka, na sekunde 15 baadaye alikuwa mlangoni akimwona kijana akikimbia. Lakini mzee mwenyewe anachechemea! Wanapima umbali, mmoja anatembea kama yeye: sekunde 41. Simamisha tena, kura tena. Aliyebadilisha aseme ni kitu gani hasa kilimbadilisha. Kwenye midahalo yetu kubadilisha mawazo ni kushindwa. Hapa ndio apewe alama. (Ndio, nimewaharibia utamu. Filamu ina karibu miaka 70, mlikuwa na muda.)

Na hili linatuhusu sisi kuliko watu wengi. Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa huku Kisii wakiitwa wachawi. Oktoba 2021, akina mama wanne wazee wakauawa Marani kwa madai hayo hayo. Umati wa namna hiyo ni ile kura ya 11 kwa mmoja, ila yule mmoja ananyamaza, maana akiuliza ushahidi ataitwa mchawi pia. Na umati hauulizi cheti. Aliyemaliza kidato cha nne na alama nzuri anaweza kuwa humo.

Hata kwa mambo madogo ni hivyo hivyo. KCSE ya 2022 Nyambaria ilipong'ara, mtandaoni watu wakapiga kelele za wizi, na wengi wa huku wakajibu kwa matusi. Wachache sana waliuliza ni kitu gani kingethibitisha wizi huo, na ni kipi kingeukanusha.

Najua walimu watasema silabasi haiishi. Sawa, lakini Jumamosi jioni shule nyingi za bweni zinaonyesha filamu za ngumi na risasi, kwa hivyo muda upo. Kiingereza kikisumbua, eleza kwa Kiswahili au Ekegusii, hakuna atakayekushtaki.

Kama unafundisha huku na shule ina projekta, jaribu Jumamosi moja. Simamisha pale kisu cha pili kinapotolewa mfukoni, halafu uniandikie kura zilisimamaje.