KIWANJA CHA MAJANI CHA MBEYA

Kiwanja cha ndege cha Songwe kilipofunguliwa mwezi Desemba 2012, wananchi wa Nyanda za Juu Kusini walishangilia, na haki walikuwa nayo. Lakini sisi twaona kwamba kuna deni halijalipwa kwa kiwanja cha zamani kilichokuwa mjini Mbeya.

Hicho hakikuwa kiwanja cha kudharauliwa. Mwezi Januari 1932 kampuni ya Imperial Airways ilipoanza kuchukua barua kutoka London hadi Cape Town, ndege zake zilishuka Nairobi, Moshi, Dodoma, kisha Mbeya, ndipo zikavuka kwenda Mpika na Broken Hill, mji uitwao sasa Kabwe. Njia hiyo, hapana shaka, haikufunguliwa kwa ajili yetu. Ilifunguliwa kwa ajili ya dola iliyotaka kuyafikia makoloni yake upesi. Nayo ilipopata njia nyingine iliyoifaa zaidi, haikuaga. Mwaka 1937 ndege kubwa za kutua majini zilishika njia ya pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Mbeya ikaachwa kando.

Basi nani aliyekitunza kiwanja? Mbeya iko kwenye kimo cha karibu meta 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege yahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Majani yakirefuka, au udongo ukilowa wakati wa masika, magurudumu hushikwa. Kichuguu kimoja tu, au shimo la mnyama, laweza kuleta msiba. Uhai wa rubani, pamoja na elimu yake yote, ulikuwa mikononi mwa mtu mwenye fyekeo. Habari za safari zile huwataja marubani na mabwana wa kampuni. Mfyekaji hatajwi, wala mshahara wake.

Wafyekaji wa mwaka 1932 wamekwisha kufa. Lakini kiwanja kilitumika miaka mingi baadaye, na waliokihudumia mwishoni wako hai: wazima moto, wapakiaji mizigo, walinzi. Twawasihi wanachama wa matawi ya Mbeya wawaendee wazee hao sasa, si mwakani, wakaandike majina, kazi na malipo yao. Na mjukuu ajuaye kwamba babu yake alifyeka majani pale, naye aje alitaje jina hilo.