Tugange Yepi?

Kila tukiketi kibandani kunywa chai, rafiki zangu hunianza: "Bwana we, achana na mambo ya 2007. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Kisha mandazi yanaagizwa, mambo yamekwisha.

Yamekwisha kwa nani? Baada ya uchaguzi ule, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 300,000 wakafukuzwa makwao. Nyumba yetu, nje kidogo ya Eldoret, ilichomwa Januari 2008. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais mwaka 2013. Nani kati yetu ameifungua hata ukurasa mmoja?

Sikatai kusahau, jamani. Chuki imenichosha mimi kuliko ninyi. Lakini mganga gani hufunga donda bila kulitazama? Mmoja wenu alikuwa jirani yetu siku ile. Hajaniambia neno ila "songa mbele". Nampenda, ndiyo maana naandika. Ndugu yangu, njoo tuketi wawili. Nieleze ulichokiona. Nikishasikia, chai nitalipa mimi, na 2007 sitaitaja tena.