Furaha Haiji kwa Kuamua Tu

Imani kwamba furaha ni uamuzi wa mtu binafsi imeota mizizi. Inahubiriwa kwenye semina za wahamasishaji, inawekwa kwenye status za WhatsApp na haikosekani hata msibani: badili mtazamo, amka alfajiri ukimbie, amua kufurahi, mengine yatajipa. Ina chembe ya ukweli, lakini kwa jumla inapotosha, na inawaumiza wale wale inaodai kuwasaidia.

Mafundisho haya si mapya. Mwaka 1952 mchungaji wa Marekani, Norman Vincent Peale, alitoa kitabu The Power of Positive Thinking, kilichouzwa kwa mamilioni ya nakala. Alifundisha kwamba maneno mema yakirudiwarudiwa huingia moyoni na kubadili maisha. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waliuchapisha utafiti uliolipima dai la aina hiyo: washiriki walitakiwa kujiambia mara kwa mara kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walinufaika kidogo. Waliojidharau, ambao ndio hasa wanaoandikiwa dawa hii, walijisikia vibaya zaidi. Sifa ambayo mtu haiamini humkumbusha anachokikosa.

Uamuzi nao unahitaji nafasi. Mama lishe anayedaiwa kodi ya chumba, mwenye marejesho ya mkopo wa kausha damu kila jioni na mtoto mwenye homa nyumbani, hakosi furaha kwa sababu ya mtazamo. Jambo hili lilipimwa vijijini Kenya na Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro, katika utafiti wa watu 5,756. Baadhi walipewa fedha taslimu bila masharti, wengine ushauri nasaha wa wiki 5, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Baada ya mwaka, waliopewa fedha walikuwa na kipato kizuri zaidi na nafsi zilizotulia zaidi. Waliopata ushauri peke yake hawakuonyesha tofauti inayopimika.

Hiyo haina maana kwamba ushauri ni bure. Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda huwakalisha wagonjwa kwenye benchi na akina bibi waliofunzwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Lakini mgonjwa haambiwi atabasamu. Anasaidiwa kulitaja tatizo lake, kuchagua la kuanza nalo na kupanga hatua za kulitatua.

Katika yote wanayohimiza wahamasishaji, mazoezi yana ushahidi imara. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walitangaza matokeo ya watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na zaidi: baada ya wiki 16, waliofanya mazoezi walipata nafuu inayokaribiana na ya waliotumia dawa. Kinachosahaulika ni kwamba walifanya mazoezi kwa kikundi, mara 3 kwa wiki, chini ya msimamizi. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinalijua hilo bila maabara. Wanachama hukimbia barabarani asubuhi ya wikendi wakiimba, fulana za rangi moja, kisha huchangiana mmoja wao anapougua au kufiwa. Mwili unachangamka, na mtu anajua kuna watakaomtafuta asipoonekana. Ingekuwa jasho peke yake linatosha, mpagazi wa Kariakoo anayebeba mizigo kutwa nzima angekuwa mwenye furaha kuliko wote mjini.

Ubaya mkubwa wa imani hii ni lawama. Furaha ikiwa uamuzi, huzuni inakuwa kosa la mwenye huzuni. Mwajiri anayechelewesha mishahara anaweza kumwalika mhamasishaji badala ya kulipa, na mgonjwa wa sonona akaona aibu kwenda hospitali.

Mtazamo mwema na mazoezi vina nafasi yake, lakini haviwezi kubebeshwa kazi ya mshahara, tiba na jamaa. Anayemwona jirani yake kanyong'onyea amuulize kwanza amekula nini, anaumwa nini na anadaiwa na nani. Habari za mtazamo zisubiri.